Kitabu kwa Jirani

Ukipanda daladala Arusha mjini kuelekea Usa River, unapita maktaba za vyuo zilizo karibu kama nyumba za kijiji kimoja. Upande wa Tengeru ipo Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Makumira kipo chuo cha Walutheri kilichohamia hapo mwaka 1954 kutoka Lwandai, Usambara, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira. Mbele kidogo, Usa River, kipo Chuo Kikuu cha Arusha cha Wasabato. Je, kitabu kikiwa kwa jirani, mwanafunzi atakipataje bila kutegemea kujuana?

Swali hili ni la zamani. Mwaka 1948 wakoloni waliunda East African Literature Bureau, makao yake Nairobi. Shirika hilo lilichapa vitabu, likasambaza masanduku ya vitabu vijijini na kuazimisha kwa posta katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Nchi tatu, ghala moja: gharama ilipungua. Lakini wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mwaka 1960 Sidney Hockey, aliyesimamia maktaba za shirika hilo, alishauri kila nchi iwe na bodi yake. Tanganyika ikatunga sheria mwaka 1963, na Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam.

Uamuzi huo ulituokoa. Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao papa hapa Arusha, ilipovunjika mwaka 1977, shirika lile nalo lilikufa. Maktaba zetu hazikufa nalo, kwa kuwa zilikwisha kupata wenyewe.

Je, kila mtu abaki kwake? La hasha. Wakutubi walikuwa na chama kimoja cha Afrika Mashariki tangu miaka ya hamsini. Kilipogawanyika kuwa vyama vya kila nchi, hawakununiana. Mwaka 1974 walikutana Dar es Salaam, na mkutano huo umeendelea kwa zamu, leo nchi hii, kesho ile. Siri yake ni nyepesi: kila safari mwenyeji anajulikana. Na hapa nchini maktaba za vyuo vikuu na utafiti zina umoja wao, COTUL, unaoziwezesha kujipatia kwa pamoja majarida ya kitaalamu ambayo chuo kimoja kisingeyamudu.

Kwa hiyo ushirikiano haushindwi kwa kukosa nia njema. Hushindwa pale kazi ya wote inapokuwa haina mtu. Miradi mingi huanza kwa warsha, chai na picha ya pamoja. Fedha ya mfadhili ikiisha, na orodha ya vitabu inaishia kwenye kompyuta iliyoharibika.

Mambo matatu hayahitaji mfadhili mkubwa. Kwanza, orodha moja inayoonyesha kitabu gani kiko wapi. Pili, mkutubi mmoja katika kila maktaba, mwenye jukumu hilo kwa barua, si kwa hisani. Tatu, mapatano ya maandishi: nani anasafirisha kitabu, na nani analipa kikipotea. Hili la tatu ndilo huvunja ujirani, maana mkutubi anayehofia kukatwa mshahara atafunga kabati, nawe huwezi kumlaumu.

Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe. Maktaba inayotaka kuazima kwa jirani nayo ishike jembe.