Kirene, Mji wa Simoni

Kila mwaka wakati wa Pasaka twasikia habari za Simoni Mkirene, yule aliyeshurutishwa kuuchukua msalaba. Jina la mji wake twalitaja upesi, kisha twaendelea mbele. Leo tumeona vema tusimame kidogo hapo penye neno Kirene, tuulize: mji huo ulikuwa wapi, ni nani walioujenga, na ulikwishaje?

Kirene ulikuwa katika bara letu la Afrika, nchi ya Libya, juu ya milima yenye mvua isiyo mbali na bahari. Walioujenga ni Wayunani wa kisiwa kidogo kiitwacho Thera. Mwandishi Herodoto asimulia kwamba mvua ilikosekana kisiwani muda wa miaka 7, hata miti ikakauka. Wakamwendea mungu wao Apolo huko Delphi kuuliza shauri, wakaambiwa waende Libya. Hawakupenda kwenda. Ilibidi kura zipigwe kati ya ndugu na ndugu, na walioangukiwa wakapakiwa katika merikebu mbili. Walipojaribu kurudi kwao, jamaa zao wenyewe waliwatupia mawe na silaha, wasiwaruhusu kushuka pwani. Haya, basi, ndiyo yaliyokuwa mwanzo wa mji mkuu: watu waliofukuzwa na njaa, na mlango wa nyumbani umefungwa nyuma yao.

Walihangaika miaka kadhaa kando ya bahari. Ndipo Walibya, wenyeji wa nchi, wakawaongoza hata penye chemchemi nzuri, wakawaambia wakae pale, kwa kuwa mbingu ya mahali pale imetoboka, yaani mvua hainyimi. Lakini wenyeji hao walikuwa na akili zao. Mahali palipo pazuri kuliko pote, paitwapo Irasa, waliwapitisha usiku wageni wasipaone! Hayo yalitokea kama mwaka 631 kabla ya Kristo. Kiongozi wa wageni aliitwa Batto, na wafalme 8 wa ukoo wake walitawala muda wa miaka 200 hivi.

Mara ya kwanza walikaa kwa amani. Kisha, zamani za Batto wa pili, Wayunani wengine wengi waliitwa waje wagawiwe mashamba. Mashamba ya nani? Ya Walibya. Hao waliponyang'anywa nchi yao walikimbilia kwa Farao Apries, ndiye yule nabii Yeremia anayemwita Hofra. Farao akapeleka jeshi, nalo likavunjwa kabisa, kama mwaka 570 kabla ya Kristo. Na vita hivyo vilipiganwa wapi? Huko huko Irasa, mahali walipokuwa wamepaficha. Wamisri walimkasirikia Farao kwa hasara ile, wakaasi, naye akapoteza kiti chake. Walibya hawakurudishiwa mashamba.

Utajiri wa Kirene ulikuwa mkubwa. Palikuwa na farasi, kondoo, na ngano nyingi. Njaa ilipoishika nchi ya Wayunani, kati ya mwaka 330 na 326 hivi kabla ya Kristo, Kirene ulitoa nafaka vipimo 805,000, kila kipimo karibu madebe matatu. Hesabu hiyo imechongwa katika jiwe, na Athene peke yake ulipata vipimo 100,000. Tena palikuwa na mmea uitwao silfio, dawa na kiungo cha chakula, ambao picha yake ilipigwa katika sarafu za mji. Mmea huo uliota wenyewe porini. Mrumi Plinio aandika kwamba waliokodi malisho waliacha mifugo iule, kwa kuwa faida ya mifugo ilionekana kubwa zaidi. Katika siku zake ulipatikana mche mmoja tu, ukapelekwa kwa Kaisari Nero.

Baada ya Iskanda Mkuu, mji ulitawaliwa na wafalme wa Misri, na wakati huo Wayahudi wengi walihamia huko. Mwaka 96 kabla ya Kristo mfalme wa mwisho aliwaachia Warumi nchi kwa wosia. Simoni alitoka katika jamii ya Wayahudi hao. Wahubiri wengine husema kwa hakika jinsi rangi yake ilivyokuwa. Sisi twaona Maandiko yametupa mji wake na majina ya wanawe, Iskanda na Rufo, nayo yatosha. Watu wa Kirene walikuwako Yerusalemu siku ya Pentekoste, wengine walihubiri Antiokia, na Lukio Mkirene alikuwa mmojawapo wa waalimu wa kanisa lile.

Mwaka 115 baada ya Kristo Wayahudi wa Kirene waliwaasi Warumi. Mahekalu yaliteketezwa, na barabara ya kwenda bandarini ikavunjwa. Mwandishi Dio ataja watu 220,000 waliouawa, twadhani amezidisha. Walakini Kaisari Hadriano alilazimika kuujenga mji tena na kuleta wakazi wapya, na jamii ile iliyomzaa Simoni haikuinuka tena.

Ndipo yakaja matetemeko, mwaka 262 na tena mwaka 365. Wako wasemao kwamba mji uliangushwa kwa sababu ya sanamu zake. Sisi hatuthubutu kusema hivyo, maana mwaka 365 injili ilikuwa imekwisha kuhubiriwa huko miaka mingi, na nyumba za Wakristo zilianguka pamoja na za wengine. Mzaliwa mmoja wa mji huo, Sinesio, aliyefanywa askofu wa Ptolemais, aliulilia katika maandiko yake jinsi ulivyofukarika. Waarabu walipoitwaa nchi, yapata mwaka 643, palikuwa pamesalia mji mdogo tu.

Magofu yake yako mpaka leo karibu na mji wa Shahhat. Septemba 2023 dhoruba ile ile iliyowaua maelfu ya watu katika mji wa Derna ilipita huko pia. Maji yaliangusha kuta za kale, yakajaza mawe na matope katika njia zake.