KURA TATU ZA TANGANYIKA

Ndugu wakazi wenzangu na wafanyakazi wa mashirika, kila kamati yetu inapokaribia kuchaguliwa, swali ni lile lile: je, kila kundi litengewe viti vyake? Nchi hii iliyotupokea iliwahi kulijaribu jambo hilo.

Mwaka 1958 Waingereza walileta Tanganyika uchaguzi wa kura tatu. Kila jimbo lilikuwa na viti 3: cha Mwafrika, cha Mwasia na cha Mzungu. Wazungu walikuwa elfu 20 hivi, Waafrika zaidi ya milioni 8, na viti sawasawa! Mpiga kura alitakiwa awe na elimu, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo fulani. Tena alilazimika kuchagua watu watatu, mmoja wa kila rangi. Akimwacha mmoja, kura yake imeharibika.

Wanachama wengi wa TANU walitaka kususia. Kwenye mkutano wa Tabora, Januari 1958, Mwalimu Nyerere aliwashawishi waingie. Mgombea wa Kizungu naye angehitaji kura za Waafrika, kwani za Wazungu peke yake zisingemfikisha. Wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda, na katika uchaguzi wa 1960 kura tatu haikuwapo tena.

Kwetu Burundi, Katiba ya 2005 iligawa Bunge: Wahutu asilimia 60, Watutsi 40, na Watwa viti 3. Lakini orodha za vyama zilitakiwa kuchanganya: kati ya wagombea watatu wanaofuatana, wasizidi wawili wa kabila moja.

Basi viongozi wa bloku, mkitenga kiti, tangazeni mapema ni nani watakaokipigia kura.