Busia mbili, dirisha lipi? Namna ya kuipanga programu ya xterm

Ipo miji miwili iitwayo Busia, mmoja Kenya na mwingine Uganda, nayo inatazamana mpakani. Kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa rasmi na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni mwezi Februari 2018, kimempunguzia msafiri usumbufu: sasa hukaguliwa mara moja tu, katika upande ule anaoingia. Fundi wa kompyuta bado ana kazi yake. Tuseme anamhudumia wakala wa forodha mwenye ofisi katika Busia zote mbili na nyingine Tororo. Ameketi kwenye meza moja, amefungua madirisha matatu ya kuandikia amri, nayo yanafanana kama mapacha. Akiandika sudo poweroff katika dirisha asilolikusudia, seva ya ofisi nyingine huzimika huku madereva wa malori wakisubiri hati zao.

Kinga iliyo rahisi ni kulipatia kila dirisha rangi na jina lake. Katika kompyuta zinazotumia Linux, programu ya xterm huliwezesha jambo hilo bila gharama yoyote. Programu hiyo huiga terminali, yaani skrini na kibodi ambazo zamani ziliunganishwa kwa waya na kompyuta kubwa. Kielelezo chake ni VT100, mashine iliyotolewa na kampuni ya Digital mwaka 1978. Uandishi wa xterm ulianza mwaka 1984, na tangu 1996 imekuwa ikitunzwa na Thomas Dickey. Haina ukurasa wa mipangilio wa kubofyabofya. Mipangilio yake huandikwa katika faili, au hutajwa katika mstari wa amri wakati wa kuifungua.

Faili hilo huitwa .Xresources na hukaa katika folda kuu ya mtumiaji. Kila mstari hutaja rasilimali moja na thamani yake. Neno rasilimali lisimtishe mtu, kwani hapa maana yake ni sifa tu ya programu: rangi, fonti, au idadi ya mistari inayohifadhiwa. Faili la fundi wetu laweza kuwa hivi:

! Mipangilio ya ofisi tatu
XTerm*faceName: DejaVu Sans Mono
XTerm*faceSize: 13
XTerm*saveLines: 5000
XTerm*foreground: white
busia-ke*background: #003000
busia-ug*background: #400000
tororo*background: #000040

Mistari inayoanza na XTerm huhusu madirisha yote. Ile mitatu ya mwisho huhusu dirisha lenye jina hilo pekee, na jina mahususi hulishinda jina la jumla. Baada ya kuhifadhi faili, huandikwa:

xrdb -merge ~/.Xresources

Neno -merge lina uzito wake. Likiachwa, xrdb hufuta rasilimali zote zilizopakiwa awali na kuweka hizi peke yake. Madirisha yaliyokwisha kufunguliwa hayabadiliki. Mapya ndiyo yatakayoifuata sheria. Sasa dirisha la Busia ya Uganda hufunguliwa hivi:

xterm -name busia-ug -T "Busia Uganda" -e ssh busia-ug

Chaguo -name ndilo linaloita rangi nyekundu iliyokoza. Chaguo -T huandika kichwa cha dirisha, na -e hutaja programu ya kuendeshwa ndani yake. Hilo la mwisho sharti lije baada ya mengine yote, kwa sababu kila kinacholifuata huhesabiwa kuwa sehemu ya amri hiyo. Chaguo za mstari wa amri huzishinda zile za faili: akiongeza -bg black kabla ya -e, dirisha litakuwa jeusi kwa safari hiyo moja. Jambo moja huwakanganya wengi, nalo ni kwamba alama ya kutoa huwasha na ya kujumlisha huzima. Hivyo -sb huleta upau wa kusogezea maandishi, na +sb huuondoa.

Kichwa cha dirisha si cha kuaminiwa sana. Mashine ya mbali yaweza kukibadilisha mara tu fundi anapoingia, na mipangilio ya kawaida ya Ubuntu hufanya hivyo hasa. Kuizuia, huongezwa mstari XTerm*allowTitleOps: false.

Fundi ahamishiwapo Tororo huuliza: je, rangi zitanifuata? Jibu hutegemea skrini. Amri ya xrdb huziweka rasilimali katika seva ya skrini iliyo mbele ya mtumiaji. Kwa hiyo xterm inayoendeshwa na kompyuta ya Tororo lakini ikaonekana Busia kwa njia ya ssh -X hufuata sheria za Busia. Faili la zamani, .Xdefaults, husomwa tu pale ambapo hakuna kilichopakiwa kwa xrdb. Ndiyo sababu watu hulihariri siku nzima wasione badiliko lolote.

Upande wa Uganda huongeza suala la herufi. Kiswahili huandika ng' kwa alama zilizo katika kila kibodi, lakini Kiganda kina herufi ŋ, kama katika eŋŋoma. Mfumo wa UTF-8 huiandika kwa baiti mbili, na dirisha lisilouelewa mfumo huo huonyesha Å mahali pake. Chaguo -u8 hutatua hilo, mradi fonti iwe na herufi yenyewe. DejaVu Sans Mono inayo.

Mambo yakikataa, xrdb -query huonyesha kilichopakiwa kwa kweli. Makosa mawili hujirudia: kuanza maelezo kwa # badala ya !, na kuacha nafasi tupu mwishoni mwa mstari, ambayo huhesabiwa kuwa sehemu ya thamani. Ikumbukwe pia kwamba GNOME Terminal na Konsole hazilisomi faili hili.