Likembe ya Umeme ya Kinshasa: Ala, Mkwaruzo na Ushiriki wa Hadhira

Historia ya muziki wa kielektroniki kwa kawaida huanzia katika maabara na studio za Ulaya na Marekani. Likembe ya umeme ya Kinshasa, ikitajwa, hutajwa mwishoni kama kioja cha mafukara waliookota vyuma chakavu. Mtazamo huo unaficha chanzo chake. Ala hiyo ilitokana na tatizo la kijamii: namna ya kuwashirikisha watu wengi katika shughuli moja ndani ya jiji lenye makelele.

Likembe hupigwa kwa vidole gumba. Ina bapa za chuma juu ya kisanduku cha mbao, na ni ndugu ya ilimba ya Wagogo na mbira ya Washona. Sauti yake huwatosha wachache walioketi karibu. Mawangu Mingiedi, Mzombo wa eneo la mpaka wa Kongo na Angola, aliunda kundi la Konono N°1 jijini Kinshasa katika miaka ya 1960. Muziki aliourithi ulikuwa wa baragumu za pembe za ndovu, ambazo husikika mbali. Kuuhamishia kwenye likembe, katika mitaa yenye magari na baa za rumba, kulimaanisha kuupunguzia nguvu.

Jawabu lilikuwa maikrofoni za kujitengenezea, kwa sumaku zilizotolewa katika vipuri vya magari na waya wa shaba uliozungushwa kwa mkono. Bapa ikitikisika karibu na sumaku, mkondo mdogo wa umeme huzuka katika waya, ukapelekwa kwenye amplifaya na hatimaye kwenye vipaza sauti vyenye umbo la tarumbeta. Likembe zilikuwa tatu, ya juu, ya kati na ya besi, zikisindikizwa na ngoma, filimbi na vyuma vya magari. Mitambo hiyo haikuweza kutoa sauti safi. Hata hivyo mkwaruzo haukuwa mgeni masikioni mwa wasikilizaji: mafundi wa ala za jamii hii wamezoea tangu zamani kuvisha bapa pete za chuma au kufunga makombe ili sauti iungurume. Umeme uliukuza tu mvumo uliokuwa ukitafutwa.

Katika matanga na sherehe, vipande havikuwa na haraka ya kuisha. Waimbaji waliitikiana, waliokuwapo wakacheza, na majonzi yakapata pa kutokea. Kwa mintarafu hiyo, ala haikukamilika bila umati.

Kundi lilirekodiwa mwaka 1978, na rekodi ikatolewa Ufaransa. Mwaka 2004 kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji ilitoa albamu ya Congotronics, iliyoandaliwa na Vincent Kenis. Wahakiki wa Ulaya wakaifananisha na tekno na roki ya majaribio. Sifa hizo zilifungua milango ya majukwaa, lakini zilimgeuza aliyekuwa mshiriki kuwa mtazamaji.

Mingiedi alifariki mwaka 2015. UNESCO iliingiza sanaa ya kuunda na kupiga mbira na sansi ya Malawi na Zimbabwe katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2020, na rumba ya Kongo mwaka 2021. Likembe ya umeme iko katikati ya hizo mbili: kwa mlinzi wa mila ina waya mno, na kwa mpenzi wa rumba ina kijiji mno. Sera inayohifadhi kisanduku cha mbao katika makumbusho, bila kumlipa fundi amfundishe kijana kuzungusha waya, itakuwa imehifadhi nusu iliyo bubu.