Mbao za Paini Garissa: Zinafaa Wapi na Zitunzwe Vipi

Anayejenga Garissa leo, iwe nyumba mjini, duka Masalani au darasa Dadaab, ni vigumu kuikwepa paini. Mti huu, ambao vitabuni huitwa msonobari, hauoti Kaskazini Mashariki. Aina inayopandwa zaidi nchini ni Pinus patula, yenye asili ya Meksiko, nayo hupenda baridi na mvua za nyanda za juu kama Elburgon, Londiani na Kinale. Mbao zake hufika Nairobi kwa lori, kisha husafirishwa kilomita 370 hivi kupitia Mwingi hadi Mto Tana. Serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, wauzaji wengi walitegemea mbao za Tanzania, ambako Mufindi kuna shamba kubwa la miti la Sao Hill. Rais Ruto alitangaza kuondoa marufuku hiyo Julai 2023.

Wengi huilaumu paini kwamba hupinda na huliwa na mchwa. Lawama hiyo ni nusu ya ukweli. Mara nyingi kosa ni kuitumia ikiwa mbichi, bila dawa, na mahali pasipoifaa.

Kukauka

Ubao uliopasuliwa kwenye baridi huwa bado na maji mengi. Ukifikishwa katika jua la Garissa hukauka haraka, husinyaa, hupinda na kupasuka nchani. Ubao wa inchi 6 unaweza kupungua milimita 3 hivi upana baada ya kupigwa misumari. Ndiyo maana mlango uliofungwa vizuri mwezi huu huonyesha nyufa mwezi ujao.

Dawa yake ni subira. Zipange mbao kivulini, juu ya matofali, ukiweka vijiti vya unene mmoja kati ya safu na safu ili upepo upite. Weka uzito juu. Chagua ubao mmoja uupime kwa mizani kila wiki. Uzito ukiacha kupungua, mbao ziko tayari kwa randa.

Nguvu

Mita moja ya ujazo ya paini kavu ina kilo 450 hadi 500 hivi, ilhali ya mkoko hupita 800. Sisi wa Pwani tuliozoea boriti tusidhani paini ya unene uleule itabeba mzigo uleule. Paini inafaa kenchi za paa la mabati, dari, rafu, vitanda, madawati na mbao za kumwagia zege. Hukatika na kupigika randa kwa urahisi, na hushika gundi na misumari vizuri. Karibu na ncha, toboa kwanza ndipo upige msumari.

Unaponunua, tazama mafundo. Fundo dogo lililoshikamana halina neno, lakini kubwa lililo ukingoni mwa ubao wa kenchi ndipo utakapovunjikia. Utomvu wa mafundo hupenya rangi, kwa hiyo yapake vanishi ya kuziba kwanza. Doa la buluu ni alama ya ukungu. Halipunguzi sana nguvu, ila hukuambia kwamba ubao ulikaa na unyevu.

Mchwa na dawa

Vichuguu vilivyo kando ya barabara ya Garissa vinatosha kuwa onyo. Paini isiyotiwa dawa isiguse udongo kamwe. Fremu ya mlango isimame juu ya zege, wala isifukiwe.

Hapa paini ina sifa ambayo wengi hawaijui: hunywa dawa kwa urahisi. Saiprasi huvumilia kidogo zaidi ikiwa haina dawa, lakini dawa huingia ndani yake kwa shida. Chumvi ya boroni hufaa mbao za ndani, kwa sababu mvua huiosha. Za nje na nguzo zahitaji dawa iliyosukumwa kwa mashine ya shinikizo. Oili chafu ya gari hubaki juu juu tu, na ubao ukipasuka mchwa hupata mlango.

Tahadhari moja ni ya uhai. Mbao na nguzo nyingi zilizotiwa dawa ya shinikizo, ambazo huwa na rangi ya kijani kijani, zina aseniki. Mabaki yake yasichomwe jikoni, na vumbi lake lisivutwe. Katika mji ambao kuni ni shida, watoto huokota vipande hivyo, kwa hiyo fundi avikusanye mwenyewe kabla ya kuondoka.

Mti wa nyumbani

Kwa nguzo fupi, miguu ya vigoda na vipini, si lazima kungoja lori. Mathenge, uliopandwa Bura miaka ya 1980 na sasa umevamia kingo za Tana, una mti mzito, mgumu na usiosinyaa sana. Kasoro yake ni kwamba umepinda na ni mfupi. Kenchi ndefu hautoi, hiyo tumwachie paini. Lakini kila nguzo ya mathenge inayosimama ardhini ni paini moja iliyookolewa kutoka kwa mchwa, na kichaka kimoja kilichopunguzwa malishoni.