Baba, Mwana na Maji ya Samaki: Nani Hasa Anasafisha Akwariamu?

Wengi wanaoanza kufuga samaki wa mapambo hukutana na fumbo lilelile. Tangi la kioo ni jipya, maji yanang'aa, samaki wazima kabisa. Baada ya siku chache wanaanza kuhemea juu ya maji, kisha mmoja mmoja wanaelea. Mwenye tangi anadhani uchafu ndio umewaua. Anamwaga maji yote, anasugua kila kitu, ananunua samaki wengine. Na wao wanakufa. Sayansi ilihitaji miaka kama 40 kulifumbua fumbo hili, na sehemu nzuri ya hadithi imo ndani ya familia moja ya Uingereza.

Tuanze na baba. Robert Warington alikuwa mkemia London. Mwaka 1849 alichukua chombo cha galoni 12, yaani kama lita 54, akaweka mchanga, tope, mawe, mmea wa majini uitwao Vallisneria na samaki wawili wadogo wa dhahabu. Hesabu yake ilikuwa rahisi: samaki watoe kaboni dayoksaidi, mmea uitumie na kurudisha oksijeni. Lakini majani yalianza kuoza na maji yakachafuka. Basi akaongeza konokono wa bwawani, wakala yaliyooza, na maji yakatakata. Alichapisha matokeo mwaka 1850. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, na mwaka uliofuata kitabu cha Philip Henry Gosse, The Aquarium, kikachochea watu kuweka matangi sebuleni.

Sasa, hesabu ya Warington ilikuwa sahihi ila haikukamilika. Samaki hatoi kaboni dayoksaidi peke yake. Kupitia matamvua yake hutoa pia amonia, na chakula kilichobaki kikioza huongeza nyingine. Amonia haionekani, na kiasi kidogo tu kinaunguza matamvua hayohayo. Katika chombo cha Warington ilikuwa inakwenda wapi?

Kidokezo kilitoka kwenye maji taka. Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, walipitisha maji taka polepole kwenye bomba lililojaa mchanga na chokaa. Kwa siku kama 20 amonia ilitoka vilevile ilivyoingia. Kisha ikaanza kugeuka nitrati. Walipoingiza mvuke wa klorofomu, unaolemaza viumbe hai, mageuzi yakasimama. Kumbe haikuwa kemia tupu; kulikuwa na kitu hai mchangani, na kilihitaji muda kuzaliana.

Hapo anaingia mwana, naye akiitwa Robert Warington. Alifanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, akitafuta jinsi amonia ya samadi inavyogeuka chakula cha mimea. Alionyesha kwamba kazi inafanyika kwa hatua mbili na kwa viumbe tofauti: wa kwanza wanageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa samaki, wa pili wanageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ni salama zaidi. Kuwatenga bakteria hao kulimshinda. Aliyefaulu, mwaka 1890, ni Mrusi Sergei Winogradsky, akiwa Zürich. Aligundua kwamba hawahitaji mchuzi wenye lishe unaotumiwa kuotesha bakteria wengine. Amonia yenyewe ndiyo inayowapa nguvu.

Kwa hiyo kile ambacho mwana alikitafuta shambani kilikuwa pia kwenye tangi la baba. Mchanga na tope havikosi bakteria hawa. Konokono walisifiwa, na walistahili, ila hawakuwa peke yao.

Turudi kwenye tangi lako. Tangi jipya lililooshwa likang'aa ni kama bomba la Wafaransa siku ya kwanza: hakuna wa kuila amonia. Bakteria hawa huzaliana polepole mno, kwa hiyo wape wiki kadhaa kabla ya kuleta samaki. Washa filta, tia chembe za chakula kila siku, na upime maji mpaka amonia na nitriti vyote viwe sifuri. Ukiweza kupata sponji ya filta kutoka tangi la rafiki lenye samaki wazima, utaokoa muda mwingi. Kisha leta samaki wachache kwa awamu. Kila wiki badilisha robo ya maji, si yote. Sponji ioshe kwa maji uliyotoa tangini; klorini ya bombani inaua hao hao uliowangoja.

Na usichanganye samaki ovyo. Neon tetra wa Amazon wamezoea maji laini yenye asidi kidogo. Samaki wa Ziwa Tanganyika wanataka maji magumu ya alkali. Tena kadiri maji yanavyokuwa ya alkali, ndivyo amonia inavyozidi ukali.

Hadithi yenyewe haijafungwa. Mwaka 2015 watafiti walitangaza bakteria anayefanya hatua zote mbili peke yake, jambo ambalo kwa zaidi ya karne moja halikuwa limewahi kuonekana. Kundi mojawapo la watafiti hao lilimpata kwenye filta ya matangi ya kufugia samaki.