Kidonge cha Hesabu na Fimbo ya Mwalimu



Nimekuwa kimya kwa wiki mbili hivi, na wengine mmeshaanza kuniuliza kama nimehama nchi. Sijahama. Nilikuwa barabarani, Mbeya kwenda Iringa na kurudi, na sababu yake ni swali moja la dada yangu. Alinipigia usiku, watoto wameshalala, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mdogo wangu, hicho kidonge unachomeza wewe, nikimkatia nusu huyu mtoto itakuwaje?"

Mtoto mwenyewe ni mpwa wangu. Ana miaka 8, anasoma darasa la pili huko Kihesa, Iringa. Muhula uliopita alipoteza madaftari matano na kiatu kimoja. Kiatu kimoja, siyo jozi! Anayajua mabasi yote yanayopita kwenda Dodoma, lakini ukimtuma maji bombani anarudi na ndoo tupu na hadithi ndefu. Nyumbani tunacheka. Shuleni hawacheki. Mara mbili amerudi na alama za fimbo mapajani.

Sikumjibu dada usiku ule. Nilimwambia usimpe kitu chochote, nakuja. Halafu nikafanya kile tunachofanya waandishi tusipokuwa na jibu: nikaanza kusoma.

Kwanza niwaeleze kidonge chenyewe, maana wengi hamjui kama nakimeza. Nilikuwa na miaka 27, nipo Nairobi kwa mafunzo ya miezi mitatu. Mkufunzi wangu aliniita pembeni akasema: habari zako zinaanza vizuri sana, ila hazifiki mwisho. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanishauri nimwone daktari wa akili. Jamani, kwa mtoto wa Mbeya neno "daktari wa akili" maana yake ni Mirembe, na Mirembe maana yake umekwisha. Nilikaa wiki nzima kabla ya kwenda.

Daktari alinihoji kwa saa nzima na zaidi. Akataka kujua nilikuwaje darasa la pili, la tatu, la nne. Akanifanya nimpigie simu mama, na mama, bila kujua anaulizwa nini, akamwaga yote: nilivyosahau mbuzi malishoni, nilivyopelekwa kwenye maombi, nilivyoitwa kichwa maji na ukoo mzima. Mwisho daktari akaandika herufi nne: ADHD. Kwa lugha yetu tungesema umakini unaoponyoka na utukutu uliopita kiasi, hali inayoanza utotoni na kwa wengi wetu haiishi ukubwani. Akaniandikia methilfenideti, miligramu 10, ambayo wengi wanaijua kwa jina la biashara la Ritalin.

Nilitegemea moto. Haukuwaka moto wowote. Kilichotokea ni kwamba kelele za matatu chini ya dirisha zilibaki kulekule chini ya dirisha. Nilisoma ripoti ya bajeti ya kurasa 60 kuanzia mwanzo hadi mwisho, nikainua kichwa, ikawa saa sita mchana. Nilikaa pale nikilia kama mjinga. Sikulia kwa furaha. Nilikuwa nahesabu viboko.

Mchana ugali ukawa kama karatasi mdomoni. Jioni dawa ilipoisha nikawa na hasira za bure. Usiku ule sikulala mpaka saa nane. Nayasema haya yote kwa sababu dada yangu alikuwa ameona upande mmoja tu: mdogo wake aliyekuwa kichwa maji sasa analipwa kwa kuandika.

Sasa historia. Tunaanzia Marekani, katika jimbo dogo la Rhode Island. Mwaka 1931 ilifunguliwa huko hospitali ya watoto wenye matatizo ya tabia, kwa fedha za tajiri mmoja ambaye binti yake, Emma, aliharibiwa ubongo na homa akiwa mdogo. Baadaye daktari Charles Bradley, wa ukoo huohuo, akawa ndiye anayeiongoza. Enzi hizo, ili kupiga picha ya ubongo, walikuwa wanaingiza sindano mgongoni, wanatoa maji yanayouzunguka ubongo na kuweka hewa mahali pake. Watoto wakawa wanaumwa vichwa vibaya sana. Bradley akafikiri: labda dawa ya kuamsha mwili itasaidia maji yale yarudi haraka. Akawapa Benzedrine, ambayo ni amfetamini.

Vichwa viliendelea kuuma. Ila walimu wa hospitali wakamfuata wakiwa wameshangaa: umewapa nini hawa watoto? Waliokuwa hawakai wanakaa, waliokuwa hawamalizi hesabu wanamaliza. Watoto wenyewe wakavipa jina: vidonge vya hesabu. Mwaka 1937 Bradley akachapisha matokeo ya watoto 30 waliopewa dawa kwa wiki moja. Kati yao 14 walibadilika sana katika masomo, na dawa iliposimamishwa mabadiliko yakaondoka nayo. Naomba mkumbuke hiyo, tutairudia.

Methilfenideti ilikuja baadaye. Mwaka 1944, Leandro Panizzon, mkemia wa kampuni ya Ciba huko Basel, Uswisi, aliitengeneza kwa mara ya kwanza. Inasimuliwa kwamba aliijaribu yeye mwenyewe na hakuona kitu, mkewe Marguerite akaijaribu na kuona anacheza tenisi vizuri zaidi. Jina la utani la mke lilikuwa Rita, ndiyo Ritalin hiyo. Ikaanza kuuzwa mwaka 1954, tena kwa watu wazima wenye uchovu na huzuni. Kwa watoto ilishika kasi kuanzia miaka ya 1960. Na lile jina la ADHD ni la mwaka 1987 tu. Yaani dawa ilitangulia, ugonjwa ukapata jina la kueleweka nusu karne baadaye.

Hapo ndipo nilipoanza kupata mashaka. Na mwaka 1978 mtafiti Judith Rapoport alifanya jambo ambalo nadhani kila mzazi angepaswa kulijua. Aliwapa amfetamini wavulana 14 wasio na tatizo lolote. Nao wakatulia. Nao wakawa makini zaidi. Kwa hiyo ule usemi kwamba "akitulia na dawa, basi alikuwa mgonjwa" hauna msingi. Dawa inaongeza dopamini kwenye mawasiliano ya ubongo, wa yeyote yule. Haichagui, na haimpimi mtu.

Tuache Marekani kidogo, turudi nyanda za juu. Miaka michache kabla ya Bradley, hapa kwetu kulikuwa na jaribio lingine la kumfanya mtoto akae darasani. Ni pale Malangali, Mufindi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Mwingereza W. B. Mumford aliongoza shule ya serikali iliyotaka kuwafundisha vijana wa Kihehe, Kibena na Kisangu kwa kufuata maisha ya kwao: ngoma, kurusha mkuki, kuchunga ng'ombe, wazee kushirikishwa. Tunaweza kubishana sana juu ya nia ya mkoloni. Kumfundisha Mwafrika "kwa kwao" ilikuwa pia njia ya kumwacha hukohuko. Lakini mimi nikisoma habari za Malangali namwona mpwa wangu. Shule yenye mkuki na ng'ombe asubuhi, nani angejua kwamba hawezi kukaa?

Jaribio lile halikudumu. Kilichobaki kwenye shule zetu ni dawati, ubao na fimbo. Kanuni za mwaka 1979 ziliihalalisha fimbo, na za baadaye zikaiwekea mpaka: isizidi viboko vinne, kwa kosa kubwa, na achape mwalimu mkuu au yule aliyempa ruhusa kwa maandishi. Wangapi mliosoma mliona hayo maandishi? Mimi nilisoma Mbeya, shule sitaitaja, na sikuyaona. Oktoba 2016 nchi nzima iliona kwenye simu jinsi walimu wa mazoezi walivyompiga mwanafunzi wa sekondari ya kutwa Mbeya. Mawaziri wakaja juu, wale walimu wakafukuzwa vyuoni. Sisi tuliosoma mji uleule tulishangaa kitu kimoja tu: kwamba safari hii kulikuwa na kamera.

Sisemi yule mwanafunzi alikuwa na ADHD, sijui lolote juu yake. Ninachosema ni kwamba huku kwetu fimbo imeshika nafasi ya swali. Mtoto hatulii, chapa. Tafiti zilizojumlishwa kutoka nchi mbalimbali za Afrika zinakadiria kuwa takriban watoto 7 kati ya 100 wana hali hii. Katika darasa la watoto 90 hao ni sita hivi. Na madaktari bingwa wa akili nchini hawafiki hata mmoja kwa kila watu laki moja.

Je, dawa inasaidia kweli? Inasaidia, tena sana, kwa muda. Mwaka 1999 Wamarekani walitoa matokeo ya watoto 579 waliofuatiliwa kwa miezi 14: waliopewa dawa kwa uangalizi wa karibu walituliza dalili zao kuliko waliopewa mafunzo ya tabia peke yake. Ilikuwa habari kubwa. Ila walipowaangalia tena baada ya miaka mitatu, tofauti ile ilikuwa imefutika. Mwaka 2018 uchambuzi mkubwa wa majaribio 133 ukaiweka methilfenideti mbele kwa watoto, kwa wiki za mwanzo. Wengine walipitia majaribio 185 mwaka 2015 wakasema ushahidi wenyewe ni dhaifu.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lina nyuso mbili. Mwongozo wake kwa nchi kama yetu unaitaja methilfenideti, kwa watoto wa kuanzia miaka 6, chini ya mtaalamu. Lakini walipoombwa kuiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu za dunia, mwaka 2019 na tena 2021, walikataa. Nilipoyasoma haya nilikasirika. Mtu wa Basel halihitaji jina la dawa kwenye orodha ile. Sisi tunalihitaji, kwa sababu bohari zetu hutazama huko. Baadaye hasira ikapoa kidogo. Dawa hii ipo chini ya udhibiti wa kimataifa tangu mkataba wa 1971, inaweza kutumika vibaya, na ukiimwaga mahali pasipo na wa kupima, watakaomeza ni wanafunzi wa mitihani na madereva wa usiku pale Makambako, ambao tayari mirungi wanaitafuta ingawa imepigwa marufuku.

Nikafika Iringa Jumatano. Nikashuka Ipogolo, daladala mpaka Kihesa. Mpwa wangu akanipokea mbio: "Mjomba, gari lenu limepumzika Mafinga dakika ngapi?" Shikamoo ikaja baadaye.

Nilimwambia dada hivi: mimi kidonge kinanisaidia, ningekupa nusu ya mshahara kabla sijakupa nusu ya kidonge. Nilipimwa, moyo ulisikilizwa, presha ilipimwa, uzito ulifuatiliwa. Mtoto anayekosa hamu ya kula si sawa na mtu mzima anayekosa hamu ya kula. Na akitulia, hatutakuwa tumejua chochote. Wale 14 wa mwaka 1978 nao walitulia.

Dada akanyamaza, kisha akauliza: "Sasa niendelee kumwacha achapwe?"

Hapo sikuwa na historia ya kumjibu.

Tulienda shuleni pamoja. Mwalimu wake ni binti mdogo kuliko mimi, mpole, amechoka. Ana watoto 94 darasani. Nikamweleza habari za ADHD, akasikiliza vizuri, akasema: "Kaka, hicho kidonge ningekimeza mimi." Tukacheka wote watatu. Kisha akakubali mambo mawili: mtoto akae dawati la mbele mbali na dirisha la barabarani, na kazi apewe kipande kipande. La tatu, la fimbo, aliangalia chini. Akasema yeye hatamchapa, wengine hawezi kuwasemea.

Hospitali tulikaa kuanzia saa mbili hadi saa tisa. Wakampima masikio na macho, wakauliza kuhusu usingizi, kifafa, malaria kali ya utotoni. Masikio mazima, macho mazima. Wakatoa fomu mbili, moja ya mzazi na moja ya mwalimu, turudi nazo baada ya mwezi. Habari ya dawa haikuguswa, na mimi sikuigusa.

Dada ameziweka fomu juu ya kabati, mahali ambapo mpwa wangu hafiki. Mimi nimerudi Mbeya juzi. Miwani yangu imebaki Kihesa, kwa hiyo mkiona makosa ya herufi humu mnivumilie.